Vikuku vilivyofungwa: wanawake wa rodeo ya zamani, na binti anayetaka kuwafuata

*“Tunaishi Fort Worth, Texas. Binti yangu ana miaka 12. Shule iliwapeleka kwenye makumbusho ya wanawake wapanda farasi, na tangu siku hiyo haongei kingine ila Tad Lucas, bingwa wa zamani wa sarakasi za juu ya farasi. Amenionyesha picha ya mwanamke aliyening’inia ubavuni mwa farasi anayekimbia, kichwa kikikaribia kugusa vumbi. Shemeji yangu anasema wale walikuwa watu wa maonyesho tu, kwamba vikuku vya tandiko, vile vya kukanyagia miguu, vilifungwa ili wasianguke, na kwamba mmoja wao alipokufa ndipo ilipothibitika mwili wa mwanamke hauwezi kazi ile. Je, ni kweli? Na jirani yetu ana farasi wawili, binti anataka aanze mazoezi huko. Nimruhusu?”*

Dada, umeuliza mambo mawili na yanakwenda pamoja. Kila alichosema shemeji kina ukweli ndani yake, ndiyo maana kinaaminika kirahisi: vikuku kweli vilifungwa, mwanamke kweli alifariki, na maonyesho kweli yalikuwepo. Alipokosea ni kwenye sababu. Naanza na vikuku kwa kuwa humo ndimo ilimo habari nzima, pamoja na jambo la kwanza la kukagua kwa huyo jirani.

Rodeo ni mashindano ya ustadi wa wachunga ng’ombe wa Marekani. Katika shindano lake la kupanda farasi warushaji, farasi hujikunja mgongo, huruka, hutua kwa miguu ya mbele huku akitupa ile ya nyuma, na hurudia hivyo bila kupumzika. Mwanamume alishika kamba nene moja kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukibaki hewani, na vikuku alivyokanyaga vilining’inia huru kila upande. Uhuru huo ndio uliomweka juu. Farasi anapotua, miguu ya mpandaji inatakiwa iwe mbele, karibu na mabega ya mnyama, ili kishindo kipokelewe na miguu na mapaja badala ya uti wa mgongo. Farasi anapopaa tena, magoti hukunjwa na visigino hurudi nyuma kuelekea mwisho wa tandiko. Ukichelewa kidogo tu kuufuata mwendo huo, umerushwa.

Wanawake wengi walishindana kwa kanuni nyingine. Vikuku viwili viliunganishwa kwa mkanda uliopita chini ya tumbo la farasi, na mara nyingi mpandaji aliruhusiwa kushika hatamu kwa mikono yote miwili. Hata muda ulikuwa mfupi zaidi: katika mashindano mengi mwanamke alitakiwa akae sekunde 8 pale mwanamume alipotakiwa 10. Vikuku vikiunganishwa namna hiyo haviwezi kutanuka wala kupeperuka, kwa hiyo miguu inapata mahali imara pa kujikaza. Kurushwa kunakuwa kugumu, na hapo shemeji yuko sahihi.

Lakini kutoka nako kunakuwa kugumu. Farasi akijikwaa akaanguka, mpandaji mwenye vikuku huru kwa kawaida hutupwa kando, na buti huchomoka kwa sababu kikuku hugeuka kuufuata mguu. Kikuku kilichofungwa hakigeuki. Kinabaki kimekaza pale pale ubavuni, na mguu uliomo unabaki nacho, farasi awe amelala chini au ameinuka na kuanza kukimbia. Kifaa kilichowekwa ili mwanamke asianguke ndicho kilichomzuia kutoka pale alipohitaji kutoka. Waliojua kazi yao walilifahamu hilo. Fannie Sperry wa Montana, aliyezaliwa 1887 karibu na Helena, alipanda kwa vikuku huru kama wanaume, na kwa mtindo huo ndivyo alivyoshinda ubingwa wa wanawake kwenye rodeo ya kwanza ya Calgary Stampede, Kanada, mwaka 1912. Farasi aliyempanda huko aliitwa Red Wing. Katika mashindano hayo hayo, Red Wing alikuwa amemuua mpanda farasi mwanamume, Joe LaMar.

Nakuomba ulishike hilo la LaMar, maana linahitajika tunapofika kwa mwanamke ambaye shemeji anamzungumzia. Ni Bonnie McCarroll. Alizaliwa Idaho mwaka 1897, na mwaka 1922 alishinda upandaji wa farasi warushaji wa wanawake katika viwanja viwili vikubwa, Cheyenne na Madison Square Garden ya New York. Mwezi Septemba 1929, kwenye rodeo ya Pendleton Round-Up katika jimbo la Oregon, alipanda farasi aitwaye Black Cat kwa vikuku vilivyofungwa. Farasi alianguka, akainuka, na mguu wa Bonnie ukawa umenasa kwenye kikuku. Aliburutwa na kupigizwa mbele ya watazamaji. Alifariki tarehe 29 mwezi huo. Baada ya hapo Pendleton ikaufuta upandaji wa farasi warushaji kwa wanawake.

Sasa linganisha. Mwanamume alipouawa Calgary, mchezo wa wanaume haukufutwa, na hakuna aliyesema mwili wa mwanamume hauwezi. Mwanamke alipouawa Pendleton, lililotakiwa kuulizwa ni kuhusu mkanda uliounganisha vikuku. Badala yake waliulizwa wanawake wenyewe kama wanafaa kuwepo. Kwangu mimi huo haukuwa uamuzi wa haki.

Sisemi hatari haikuwepo. Marie Gibson, mpandaji mahiri mwenye asili ya Kanada, alifariki mwaka 1933 huko Idaho Falls akiwa ameshamaliza kupanda vizuri: farasi wake aligongana na farasi wa mtu aliyekuja kumchukua, akamwangukia. Kazi hii iliua, na bado inaua. Ila ukitaka kujua kwa nini wanawake walitoweka kwenye farasi warushaji, usiishie kwenye misiba hii. Mwaka huo huo wa 1929 waandaaji wa rodeo waliunda chama chao, Rodeo Association of America, ili wawe na kanuni moja na orodha moja ya michezo inayohesabiwa kwenye ubingwa. Michezo ya wanawake haikuwekwa kwenye orodha hiyo. Mchezo usiohesabiwa hauna sababu ya kutengewa fedha za zawadi, na mdororo mkubwa wa uchumi ulipoanza, waandaaji waliotafuta pa kupunguza gharama walikuwa na pa kuanzia. Kule Madison Square Garden wanawake waliendelea na farasi warushaji hadi 1941. Mwaka uliofuata mwimbaji Gene Autry akaingia katika biashara ya rodeo kwa nguvu, na maonyesho ya mtindo wake yaliwataka wanawake kama pambo zaidi kuliko washindani.

Wakati huo Texas ilikuwa tayari na kitu cha kuweka mahali pao. Mwaka 1931 kwenye rodeo ya mji wa Stamford, wafanyabiashara wa miji ya jirani walialikwa kila mmoja alete msichana mmoja wa kuuwakilisha mji wake. Wasichana hao waliongoza gwaride, wakatazamwa mavazi na uzuri wa farasi, kisha wakapanda kuzunguka mapipa. Mwaka 1939 wasichana wa mtindo huo wakaalikwa hadi New York. Mbio za mapipa anazoziona binti yako leo zimekulia katika shamba hilo, na ni jambo jema kwamba wanawake wenyewe waliziondoa kwenye mashindano ya sura na kuzifanya za kupimwa kwa saa tu. Nancy Binford na Thena Mae Farr waliandaa rodeo ya wanawake peke yao Amarillo mwaka 1947, na Februari 1948 wanawake 38 walikutana San Angelo wakaanzisha Girls Rodeo Association. Chama hicho kipo hadi leo kwa jina la Women’s Professional Rodeo Association.

Kuhusu “watu wa maonyesho tu”: maonyesho na mashindano yalikuwa vitu viwili, ingawa watu wake walikuwa wale wale. Kwenye maonyesho ya kuzunguka ya Buffalo Bill au ya ndugu wa Miller kutoka shamba la 101 huko Oklahoma, mtu alilipwa mshahara. Kwenye rodeo alilipa kiingilio chake na kupata zawadi akishinda tu. Wanaume kwa wanawake walihama kati ya viwili hivyo kulingana na msimu. Bertha Kaepernik alipanda farasi mrushaji Cheyenne mwaka 1904 uwanja ukiwa tope, na baadaye, akiitwa Bertha Blancett kwa jina la mumewe, akawa bingwa wa wanawake Pendleton mwaka 1911 na 1912. Mshindi wa mashindano ya kamba Calgary 1912 alikuwa Florence LaDue, aliyempita Lucille Mulhall, na Lucille hakuwa mtu wa kupitwa ovyo. Alikulia kwenye shamba la baba yake Oklahoma, na mwaka 1905 alikuwa Madison Square Garden katika onyesho la baba huyo, pamoja na kijana aliyekuja kuwa maarufu sana, Will Rogers.

Lucille alikamata maksai kwa kamba, na kazi hiyo ndiyo inayojibu vizuri zaidi hoja ya nguvu za mwili. Maksai hutangulizwa kidogo. Mpandaji anamkimbiza, anarusha kitanzi kwenye pembe, kisha analegeza kamba na kuitupa upande wa kulia wa maksai ili ipite juu ya kiuno chake na kushuka nyuma ya mapaja. Hapo anamgeuza farasi kushoto na kwenda mbele kwa kasi. Kamba inapokaza, inageuza kichwa cha maksai na kuisomba miguu ya nyuma kwa wakati mmoja, naye anaanguka chini. Farasi anaendelea kuvuta taratibu ili kamba isilegee, huku mpandaji akishuka mbio kwenda kufunga miguu mitatu kwa kamba fupi. Maksai huangushwa na uzito wa farasi, mwelekeo wa kamba na wakati uliochaguliwa vema. Kamba ikilegea kabla mpandaji hajafika, maksai huinuka na kila kitu kinaanza upya. Ndiyo maana farasi aliyefunzwa vizuri alithaminiwa sana. Fox Hastings, aliyeanza mwaka 1924 Houston kuruka kutoka kwenye farasi na kumkaba maksai kwa pembe, alitegemea mantiki ileile: visigino vinachimba ardhi kupunguza mwendo, pua ya maksai inageuzwa juu, shingo inapinda, na mnyama anakosa mizani. Nguvu zinahitajika, lakini asiyejua pa kuziweka hafiki popote hata awe na kifua kipana namna gani.

Nije sasa kwa Tad Lucas. Alizaliwa Nebraska mwaka 1902, akapanda London mwaka 1924 kwenye rodeo ya Wembley, na mwaka 1928, 1929 na 1930 alishinda kombe la Madison Square Garden lenye thamani ya dola 10,000. Sarakasi za juu ya farasi alizozifanya zilipata msukumo mkubwa kutoka kwa wapanda farasi wa Georgia, nchi ya milima ya Kaukazi, walioingia kwenye onyesho la Buffalo Bill mwaka 1892 na kutangazwa kama Wakosaki, wale askari wapanda farasi wa Urusi. Wamarekani waliwatazama wakisimama, wakining’inia na kuokota vitu chini, wakaiga mambo hayo.

Picha aliyonayo binti ni ya mtindo wa kuning’inia: mguu mmoja umeingizwa kwenye mkanda maalumu wa tandiko na mwili umeachiwa chini. Tandiko la kawaida haliwezi kazi hiyo. Tandiko la sarakasi lina pembe ndefu nyembamba ya kushika kwa mbele, vishikio nyuma, mikanda ya miguu iliyopimwa kwa urefu wa mpandaji, na hufungwa kwa mikanda miwili ya tumboni iliyokazwa sana. Sababu yake ni kwamba uzito wote wa mtu unakwenda upande mmoja. Tandiko lililolegea kidogo tu litazunguka na kuishia chini ya tumbo, mpandaji akiwa bado amefungwa nalo. Farasi naye lazima awe amefundishwa kukimbia kwa mwendo mmoja ulionyooka bila kuongozwa, maana mpandaji hana mkono wa hatamu. Akikwepa karatasi iliyopeperuka, kichwa cha mtu kinakutana na uzio.

Na kuna mtindo mgumu kuliko huo: kushuka upande mmoja, kupita chini ya tumbo katikati ya miguu ya mbele na ya nyuma farasi akiwa mbioni, na kupanda upande wa pili. Kinachomponza mtu hapo ni mkono mmoja kukosa mkanda wa upande wa pili. Mwaka 1933 kwenye maonyesho ya dunia Chicago, Tad aliteleza akiwa huko chini na kwato zikamvunja mkono vibaya. Alirudi uwanjani mkono ukiwa bado kwenye plasta, akabaki na mitindo isiyouhitaji mkono huo. Mwambie binti habari hii yote, pamoja na plasta. Alikuwa na miaka ya mazoezi, farasi wake mwenyewe na tandiko sahihi, na bado ikawa hivyo.

Kwa hiyo, kwa jirani: kujifunza kupanda, ndiyo, kama kuna mtu mzima anayejua kufundisha na farasi mpole aliyezoea watoto. Sarakasi, hapana, hata ule mtindo unaoonekana mwepesi wa kusimama kwenye tandiko. Na hakuna sababu yoyote ya kumfunga mtoto kwenye tandiko, si kwa mkanda, si kwa kamba, si vikuku chini ya tumbo “ili asianguke”. Ukikuta mtu anafanya hivyo kwa nia njema, mchukue binti mwondoke.

Kabla hajapanda, mnunulie kofia ngumu ya kupandia farasi yenye alama ya SEI na kiwango cha ASTM F1163, yaani imepimwa na kuthibitishwa kwa usalama wa kupanda farasi. Ya baiskeli haifai, na iliyowahi kupigizwa chini haitumiki tena hata kama haina ufa. Buti liwe na kisigino cha kama sentimita 2.5 ili mguu usipenye kikuku, na soli laini ili uchomoke haraka. Raba zenye soli ya makucha hunasa. Kikuku kiwe kipana kuliko buti kwa kama sentimita moja kila upande. Kikimbana, ni hatari ileile ya Bonnie. Nguo ndefu pana hunasa kwenye pembe ya tandiko; wale wanawake wa kwanza walitatua hilo kwa sketi zilizogawanywa katikati, kisha wakahamia suruali. Kama binti anavaa hijabu, ile ya michezo isiyo na pini, iliyochomekwa vizuri chini ya kofia, inafaa bila shida.

Mafunzo yaanze kwa kutembea, kisha mwendo wa kati, kisha mbio, sehemu ya muda huo bila vikuku kabisa huku mwalimu akimzungusha farasi kwa kamba ndefu. Hapo ndipo mizani inapojengwa. Mitindo ya sarakasi hujifunzwa kwanza kwenye pipa lisilosogea lililofungwa tandiko, kisha kwenye farasi aliyesimama, kisha anayetembea. Mwalimu anayeruka hatua hizo hakufai.

Kwa umri wake, ningemwelekeza kwanza kwenye mbio za mapipa. Ni mapipa matatu kwenye pembetatu: kwa vipimo vya kawaida, mita 27.4 kati ya la kwanza na la pili, mita 32 kutoka kila moja hadi la tatu, na mita 18.3 kutoka mstari wa kuanzia. Pipa likianguka, unaongezewa sekunde 5. Kosa la wanaoanza ni kugeuza mapema, farasi akiwa bado hajafika, na goti linapiga pipa. Kwa hiyo wiki nyingi za mwanzo ni za kutembea tu kwenye njia hiyo. Akipenda kamba, kuna mchezo wa ndama ambao kamba hufungwa kwenye pembe ya tandiko kwa uzi mwepesi unaokatika ndama akifika mwisho. Huo unamfaa mtoto. Kuzungushia kamba kwenye pembe ya tandiko kwa mkono kusubiri hadi akomae, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza vidole gumba.

Ataanguka, kila anayepanda huanguka. Akipoteza fahamu hata kidogo, akatapika, akachanganyikiwa, akalalamika shingo au mgongo, au akasikia ganzi mikononi au miguuni, msimwinue wala kumvua kofia. Pigeni 911 na mkae naye hapo hapo. Akionekana mzima lakini kichwa kinamuuma au amekuwa mzito wa kuelewa, siku hiyo harudi juu ya farasi, na apelekwe kwa daktari kabla ya zoezi linalofuata.

Mengine siwezi kuyajua kutoka hapa: farasi wa jirani ana tabia gani, mikanda ya tandiko imechakaa kiasi gani, binti ana hofu au ana papara. Yanahitaji macho ya mtu aliyesimama hapo. Fort Worth ina walimu wengi wa kupanda farasi; nenda na binti ukatazame somo zima la mtoto mwingine kabla ya kulipa, na uulize kuhusu bima, idadi ya watoto kwa mwalimu mmoja, na nani anakagua mikanda kabla ya kila somo. Mwalimu asiyekuruhusu kukaa uzioni ukatazama, mwache, utafute mwingine.